Mama Kufuli Afungua Mwamba

Asubuhi mapema, maji yamekupwa hadi mwamba umebaki wazi, na ufuoni hakuna anayetulia. Wanawake wamejifunga vitenge viunoni na kuvaa raba zilizokwisha visigino, kila mmoja na nondo yake nyembamba iliyochongwa ncha. Mmoja anamkanyaga mwenzake, mwingine anacheka bila sababu. Wote wanamtazama mwanamke mfupi mwenye ndoo ya bluu.

“Haya, nendeni,” anasema, na kabla hajafunga mdomo wamekwisha kumpita.

Huyo ndiye Mama Kufuli, mvuvi wa pweza. Jina hilo alibandikwa na mama mkwe wake miezi mitatu iliyopita, aliposimama kwenye mkutano wa wavuvi akaomba upande mmoja wa mwamba ufungwe, asiingie mtu, pweza wapate kukua. Bibi huyo, aliyevua hapo tangu usichana wake, aliuliza mbele ya wote ni lini bahari iligeuka kabati la mkaza mwanawe. Watu walicheka hadi machozi.

Hata hivyo wengi walimuunga mkono, kwa sharti moja: siku ya kufungua, kama hakuna tofauti, mwamba usifungwe tena abadani. Siku yenyewe ndiyo hii.

Hali ilikuwa imefika pabaya. “Tulikuwa tunarudi na pweza wa kukaa kiganjani,” anasema Mama Kufuli huku akiruka dimbwi, mwandishi wa habari hii akihangaika nyuma yake. “Ukimchemsha anasinyaa, unabaki na maji ya moto. Mnunuzi akituona kwa mbali anafunga mizani yake.”

Kusubiri hakukuwa lelemama. Nondo ilikaa nyuma ya mlango ikashika kutu, naye akawa anafua nguo za watu. Mkwewe, anayelala chumba cha pili, kila asubuhi aliuliza kupitia ukutani kama pweza wameshatuma salamu.

Ghafla Mama Kufuli anapiga magoti mbele ya shimo lililozibwa kwa vijiwe. Anaondoa kimoja. Ndani yumo pweza mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kumwona, na kwenye dari ya shimo mayai yananing’inia kama punje za mchele zilizotungwa kwenye uzi.

Pweza jike anayelinda mayai hakimbii hata umguse. Kwa miaka mingi wavuvi wa hapa walimwita “bahati” na kumchomoa kabla ya wengine wote, wasijue kwamba wanaondoka na kizazi kizima. Kanuni aliyoipendekeza Mama Kufuli mwenyewe inasema huyo haguswi.

Wenzake wamekwisha kumzunguka. Ndoo yake bado tupu, na mmoja ananong’ona kwamba pweza huyu peke yake angewafunga midomo wabishi wote. Mama Kufuli anaishika nondo.

“Nilimtamani,” anasema baadaye. “Nikikataa nitakuwa mwongo.”

Hapo mama mkwe anapenya katikati yao, fimbo mkononi, amelowa hadi magotini. Anachungulia shimoni kwa muda mrefu. Kisha anaokota kile kijiwe na kukirudisha mlangoni.

“Mzazi huyo,” anasema. “Nimewachomoa wengi mno wa namna hii. Twendeni mbele.”

Na mbele pweza wamejaa tele! Kila shimo lina mwenyewe. Maji yanapoanza kurudi, ndoo zimefurika na mwandishi wa habari hii anajikuta amebeba ya mtu kichwani, amelowa na anacheka. Kwenye mizani, pweza wa kwanza wa Mama Kufuli anafika kilo tatu. Mnunuzi, mtu asiyechekacheka ovyo, anampima mara ya pili akidhani mizani imeharibika.

Sasa Mama Kufuli anataka mwamba ufungwe tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, hadi mayai yote yaanguliwe. Hakuna anayebisha. Wanachouliza ni nani atalinda usiku, maana waliolinda miezi hii mitatu wamechoka.

“Mimi,” anasema mama mkwe. “Usingizi wenyewe sina, na njia za wezi nazijua. Mara mbili nilitaka kuingia, walinzi wakanifukuza.”

Mama Kufuli anacheka hadi anakaa chini mchangani. “Basi jina langu chukua wewe, mama.”

“Hilo baki nalo,” bibi anajibu. “Mimi nipeni tochi.”