Miguu ya Wasikilizaji

Insha thelathini na moja zilikuwa mezani kwangu, na zote zilisema jambo moja. Msemaji ametumia takriri. Msemaji ametumia tashibiha. Msemaji ametumia methali, na kwa kufanya hivyo ameipamba hotuba yake. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeeleza hotuba ile ilimfanya nini mtu aliyeisikiliza.

Nilikuwa nafundisha uchambuzi wa hotuba kwa kidato cha tano katika shule moja ya bweni upande wa Kisesa, kila Jumamosi asubuhi. Sina shahada. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka kumi na minane, na ninachokijua kuhusu maneno nilikipata kwenye madaftari yangu mwenyewe. Kushoto niliandika alichosema mdai. Kulia, walichofanya wazee wa baraza alipokisema. Mmoja aliacha kusinzia. Mwingine alikunja mikono. Kufikia daftari la tatu niliweza kukisia uamuzi kabla haujasomwa, na mara nyingi nilipatia.

Mwalimu wa taaluma, ambaye nimemzidi miaka kama kumi na mitano, alizikuta insha zile mezani akazipitia akiwa amesimama.

"Mzee, jaribio la mwisho wa muhula nitalitunga na kulisahihisha mimi. Wakiandika hivi tena, Jumamosi naipa Jiografia. Walimu wake wanalia kila siku hawana vipindi."

"Wataandika vingine."

"Kwa wiki nne?"

"Wiki nne zinatosha."

Sikuwa najigamba. Kosa nililijua: walifundishwa kuihesabu hotuba viungo kama mbuzi aliyekwisha kuchinjwa. Walihitaji kuiona ikitembea.

Jumamosi iliyofuata niliwapeleka Bujora, ambako vikundi viwili vya ngoma vilikuwa vinashindana. Kwa Wasukuma vikundi vya namna hii hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji mezani. Watu huhama kwa miguu yao.

"Mwalimu, leo tunachambua au tunacheza?" aliuliza msichana mmoja. Insha yake ilikuwa na tamathali kumi na moja, zote sahihi, na hakuna iliyofanya kazi yoyote.

"Mnaandika. Kushoto, kilichofanyika. Kulia, watu walikwenda wapi."

"Na mimi nikihama?"

"Andika umehama, na kilichokuhamisha."

Kikundi cha kwanza kilimtoa mapema chatu wanayecheza naye. Watu wakamiminika upande huo, wanafunzi wangu wakiwa mbele.

"Mechi imeisha!" alipaza sauti mvulana mmoja. "Wale wengine wakalime!"

Lakini manju wa kikundi cha pili alizinyamazisha ngoma zake. Alimwendea mama muuza karanga pembeni ya uwanja, akamwimbia kumwomba ruhusa ya kuendelea. Mama akamjibu kwa wimbo, bila kuacha kupima karanga. Waliokuwa karibu wakageuka kucheka. Manju akamwimbia mwingine, kisha mwingine, na watu wakaanza kusogea waone kama wataulizwa wao. Kufikia saa tisa upande wa chatu walibaki watoto.

"Chatu naye ni takriri tu," alisema yule mvulana tukirudi. "Ukimwona mara tatu umemzoea."

"Acha we! Nani alikuwa anasema mechi imeisha?" msichana akamdaka.

Niliwaacha wabishane hadi getini.

Wiki tatu zilizobaki tulifanya kazi ileile kwa hotuba zilizoandikwa, kwa sharti moja: usitaje mbinu kabla hujaonyesha msikilizaji alikuwa wapi kabla yake na yuko wapi baada yake. Wengi walilichukia sharti hilo. Sikulilegeza.

Jaribio liliwataka wachambue hotuba yoyote waliyoisikia muhula ule. Yule msichana alichagua ya mwalimu wa taaluma mwenyewe, ya paredi. Nililijua hilo mwalimu alipoingia ofisini na karatasi mkononi, hacheki.

"Sikiliza, mzee." Akasoma: "Aliposema kwamba naye aliwahi kufeli hisabati, mistari ya nyuma iliacha kuchezea kokoto kwa miguu. Alipoanza kusoma sheria kumi na mbili za bweni, kokoto zilianza tena. Kuanzia ya nne alibaki na viranja, na viranja wanazijua."

Kwa mara ya kwanza muhula ule niliogopa, kwa ajili ya yule msichana kuliko kipindi changu.

"Amekukosea adabu?"

"Nimetafuta. Hajanikosea popote." Aligeuza ukurasa kwa ncha ya kalamu nyekundu. "Ila hajataja mbinu hata moja."

"Tazama aya ya mwisho. Ameitaja takriri, baada ya kuonyesha ilikupotezea nani."

Alisoma aya ile mara mbili. Kisha aliketi, akaandika alama, akainua karatasi iliyofuata na kuisoma yote.

"Jiografia nitawatafutia Alhamisi."

Paredi ya Jumamosi iliyofuata alisoma sheria tatu tu. Nilisimama nyuma ya mistari, daftari mkononi. Kwenye ya tatu kokoto zililia kidogo, nikaandika.