Mitende ya Baba Salma

Blanketi la sufu likishalowa ukungu hunuka kama beberu aliyelala nje kwenye mvua. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Newala. Wenzangu waliokulia kwenye uwanda ule wa juu hukumbuka maua ya mikorosho, au salfa inayopulizwa mashambani alfajiri, au ming'oko, vile viazi vya porini, inayochemka jikoni. Mimi hukumbuka mablanketi mabichi yaliyofungwa kwa kamba za katani kwenye miti, mbele ya nyumba ya baba yangu mkubwa, wakati watu waliokuwa ndani ya nyumba hiyohiyo wanatetemeka. Nimeishi na kumbukumbu hiyo miaka mingi na sijawahi kuitazama kwa huruma. Nimejaribu, maana watu husema ni vizuri kuwahurumia waliotulea. Nimeshindwa, na sasa nimeacha kujaribu.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Wazazi wangu walikuwa wakulima Lupaso, upande wa Masasi, ambako jua huchoma tangu asubuhi na mtoto hulala na shuka jepesi mwaka mzima. Walinipeleka Newala nisome na nikae na bibi yangu mzaa baba. Bibi alikuwa akiishi kwa mwanawe mkubwa, Athumani, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Salma kwa jina la binti yake. Baba Salma alikuwa amefanya kazi Mtwara kwa miaka mingi, akarudi na kitambi, redio kubwa, na maoni kuhusu kila kitu. Alijenga nyumba ya bati la buluu yenye baraza la vigae ambalo sisi watoto tulikatazwa kulikanyaga, hata tukiwa tumenawa miguu. Mkewe, Mama Salma, alikuwa mwanamke mrefu, mkimya kiasi kwamba wiki yangu ya kwanza nilidhani ni bubu. Salma alikuwa amenizidi miaka miwili, na ndiye aliyenifundisha mambo yote ya pale: wapi pa kukaa ili moshi usikufuate, na wakati gani wa kutomsemesha baba yake.

Baba Salma alitaka miti ya kuonekana. Mikorosho aliiona ni ya kila mtu. Alikuwa ameleta miche ya minazi kutoka pwani, ikamgomea. Ule upepo wa baridi unaopanda kutoka bonde la Ruvuma uliigeuza manjano, mbuzi wakamalizia. Basi siku moja mwanzoni mwa masika lori lilisimama barabarani likashusha mitende minane ya mapambo, imo kwenye makopo, majani yake yametanuka kama vidole vya mkono na mashina yake yana manyoya kama ya nyani. Akaipanda minne kulia na minne kushoto, kuanzia barabarani hadi barazani. Kila aliyepita alilazimika kusimama na kuhadithiwa. "Hii inatoka nchi za theluji," alikuwa akisema, kidole kimoja hewani. "Theluji inaiangukia kichwani, yenyewe imesimama tu. Hii baridi yenu ya Newala kwake ni mchezo." Theluji yenyewe hakuwahi kuiona popote ila ndani ya friji yake ya soda, lakini aliizungumzia kama mtu aliyezaliwa nayo.

Mvua zilipokoma, mitende ilianza kunywa. Aliyewahi kuishi kule juu anajua maana ya neno hilo. Bomba lilitoa maji siku lilipojisikia, na kisima cha kukinga maji ya mvua nyuma ya nyumba kilipungua kila siku hadi tukaona tope. Maji ya hakika yalikuwa bondeni, kwenye chemchemi, na njia ya kwenda huko ni mteremko wa mawe ambao ukiupanda na ndoo kichwani unasikia moyo unapiga masikioni. Mimi, Salma na mama yake tulishuka kabla ya shule. Sisi wawili tulioga kwa bakuli moja. Mtende mmoja ulipewa ndoo nzima. Baba Salma alisimama barazani na kikombe chake cha chai, amevaa koti, akituelekeza tumwage polepole tusiuumize udongo. Salma alichelewa shule mara nyingi kiasi kwamba mwalimu aliacha kumuuliza sababu, akawa anamwonyesha tu kona ya kusimama. Salma alikuwa na akili nyingi. Alisimama kwenye kona ile akijibu maswali ambayo sisi tuliokaa tulishindwa, na jioni alirudi kunywesha miti.

Kisha kikaja kipupwe cha mwaka ule. Kipupwe cha Newala huwa na ukungu na upepo, kila mtu anakizoea, lakini kile kilikuwa kikali hata wenyeji wakakilalamikia. Migomba iliungua ikawa kama imepitiwa na moto. Mipapai ilimwaga majani yote. Kuku wa jirani walikutwa asubuhi wamekauka chini ya ghala. Bibi, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, alianza kukohoa kikohozi kirefu ambacho kikiisha unabaki ukisikiliza kama atavuta pumzi tena. Na kwenye mitende, ncha za majani ziligeuka kahawia.

Hapo ndipo nilipomwona mtu mzima akichanganyikiwa kwa ajili ya majani. Ni lazima niseme kwamba wakati huo Baba Salma alikuwa akiutaka uenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, na alikuwa amewaalika wazee wa chama waje wale pilau kwake. Alitaka waipite ile mitende kama wanaingia ikulu. Aliingia vyumbani akakusanya mablanketi, matano ya wageni yaliyokuwa sandukuni, la kwangu na Salma, la Mama Salma, na mwisho akavuta la Bibi kitandani, blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu ambalo marehemu babu alimnunulia. Lake mwenyewe halikuonekana katika mkusanyo ule.

"Athumani, hilo ni langu," Bibi alisema.

"Ni kwa siku chache tu, Mama. Nitakununulia jipya."

"Na hizo siku chache nijifunike nini?"

"Mama Salma atakupa khanga."

Akatoka nayo. Alifunga kila mtende mwenyewe kuanzia chini hadi kileleni, akakaza kamba kwa goti, mpaka njia nzima ikaonekana kama imepangwa maiti zilizosimama. Mama Salma alisimama mlangoni akitazama, mikono imekunjwa ndani ya khanga.

Tulilala na Bibi mimi na Salma, mmoja kila upande, tukimpa joto letu dogo. Mama Salma alimwekea jiko la mkaa pembeni na kumkanda kifua kwa kitambaa cha moto. Haikutosha. Siku ya tatu homa ilimpanda Bibi, akawa anamwita babu kwa jina. Nilimsikia Salma akimwambia baba yake, kwa sauti ya chini, "Baba, Bibi anaumwa sana, tumrudishie blanketi lake." Akajibiwa kwamba Bibi alikuwa akiumwa kila mwaka, na miti ikifa haifufuki. Nimesikia maneno mengi mabaya maishani, mengine nikiambiwa mimi mwenyewe, lakini sijasikia lililosemwa kwa utulivu kama lile.

Wageni walikuja Ijumaa baada ya swala, wazee watatu wenye kanzu safi na makoti. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Mablanketi yalikuwa yamenywa maji kwa zaidi ya wiki na yalikuwa yakichuruzika. Baba Salma aliwapitisha katikati ya miti akieleza habari za theluji, na mmoja wao akamuuliza, kwa adabu kabisa, mbona basi imefunikwa. Akasema ni tahadhari za kitaalamu. Walikuwa wameshakaa barazani, wanakula, Bibi alipotokea kwa mlango wa uani. Homa ilikuwa imempungua asubuhi hiyo, lakini miguu yake ilikuwa bado haina nguvu. Alishika ukuta kwa mkono mmoja. Mabegani alikuwa amejifunga gunia tupu la korosho. Akapita mbele ya wageni, akaenda hadi mtende wenye blanketi la kijivu, akaanza kufungua kamba.

"Mama, unafanya nini?" Baba Salma alinyanyuka. "Wageni wanatazama."

"Na watazame. Si ulisema huu mti hauogopi baridi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mimi naiogopa. Nachukua changu."

Kamba ilikuwa imekaza, vidole vyake havikuweza. Salma akaruka kwenye kile kibaraza kilichokatazwa, akakipita na miguu yake yenye vumbi, akaenda kumsaidia. Nami nikamfuata. Tulilivua lile blanketi zito, linanuka, maji yanatuingia mikononi hadi kwapani. Mgeni mmoja alibaki na tonge mkononi. Baba Salma alicheka, akasema wazee wetu wakifika umri fulani wanarudi utotoni. Bibi akawageukia wageni, akawapokea shikamoo zao, maana wote watatu alikuwa amewazidi umri. "Marahaba, wanangu. Karibuni sana," alisema. "Kuleni. Ila mjue hapa miti inafunikwa, watu wanaanikwa." Kisha akaingia ndani, sisi nyuma yake tumebeba blanketi kama watu waliobeba mgonjwa. Tulilikausha juu ya moto wa jikoni, na tangu siku ile harufu yake haijanitoka. Uenyekiti Baba Salma hakuupata. Yule mzee wa tonge ndiye aliyesimulia mjini sababu.

Bibi alipona. Jua liliporudi, Baba Salma aliamuru mitende ifunuliwe. Salma alishika jani changa la katikati kwenye mtende wa kwanza, akalivuta kidogo tu, likatoka lote mkononi, jeupe, linateleza, linanuka kama muhogo uliovunda. Wa pili hivyohivyo. Yote saba ilikuwa imeoza moyo. Ule wa nane, aliouvua Bibi, ulionekana mbaya kuliko yote: majani yake yote yaliungua na upepo, umebaki kama ufagio mkuukuu. Baba Salma alisema ung'olewe, ila hakupatikana mtu wa kuung'oa. Bwana shamba alipopita alicheka bila kujificha. "Baridi hii mitende inaiweza," alisema. "Mliiozesha kwa kuifunga maji kichwani. Mngeiacha tu." Baba Salma akamwambia kosa ni la mkewe, alikaza kamba mno. Mama Salma alikuwepo, ameshika beseni la nguo. Aliangalia vidole vya miguu yake. Nilimsubiri aseme. Hakusema.

Baba Salma hakuweza kukubali kwamba imekufa. Alitafuta rangi ya kijani iliyobaki walipopaka madirisha, akapanda kwenye kiti, akayapaka majani makavu, jani moja moja, mwanamume mzima aliyetafuta cheo na kudai heshima. Kwa mbali, mtu akiwa na haraka, ilidanganya. Kwa karibu ilikuwa kama mzaha. Mvua za kwanza zilishusha rangi yote ikatiririka hadi kwenye vigae vyake, na hapo hapo, kwenye ule ufagio mkuukuu uliosahaulika, likachomoza jani jipya, limesimama wima.

Hayo yote yalikwisha zamani. Bibi alifariki miaka mingi baadaye, kwa uzee wake, amefunikwa vizuri. Salma ni muuguzi Tandahimba, na kwake kuna bomba uani. Wanawe hawaijui njia ya bondeni, wala sitaki waijue. Mimi naishi Masasi. Nikipita mijini kwetu naona mitende ya mapambo kwenye malango ya nyumba mpya na za kulala wageni, inamwagiliwa maji ya gari wakati mtaa wa nyuma unasubiri bomba, na wenye malango husimama mbele yake na vikombe vya chai kama Baba Salma. Dharau yangu kwao ni ileile, haikuhitaji kujifunza upya.

Mwaka jana tulikutana Newala kwa ajili ya posa ya binti wa Salma. Baba Salma sasa ni mzee wa fimbo. Nilimwamkia shikamoo, kwa sababu nimelelewa na Bibi. Mtende ule umelipita paa, na kijana mmoja wa upande wa wakwe akausifia. Mzee akajinyoosha kitini. "Huu niliuokoa mimi," akasema. "Kulikuwa na baridi ya kuua. Nikauvulia blanketi langu mwenyewe, nikaufunika."

Mama Salma alikuwa akileta chai. Aliweka sinia mezani taratibu, vikombe havikugongana hata kidogo.

"Hukuufunika kwa lako," alisema. "Ulichukua la mama yako, naye akaja kuufunua, ndiyo maana upo. Na zile kamba sikuzikaza mimi. Ulizikaza wewe."

Kijana wa wakwe alitazama chini. Mama Salma alimimina chai akianza na wageni, akamfikia mumewe mwisho, akamwekea sukari anayoipenda. Newala ina barabara ya lami sasa, ina simu na taa, na kila anayetoka mbali huniuliza ni kipi kilichobadilika zaidi tangu nikiwa mtoto. Kwa nyumba ile najua jibu. Mama Salma anajibu.