Mkebe wa Herufi na Kikombe cha Kasiksi

Kwetu Bukavu, anayekukaribisha pombe huinywa yeye kwanza. Anamimina, anaonja mbele yako, ndipo anakupa kikombe kilekile. Akishaonja, nawe ukakiweka chini, umesema jambo ambalo hakuna anayelitamka: kwamba unaogopa sumu yake. Unaweza kusingizia tumbo, unaweza kusingizia dawa za hospitali. Hakuna atakayedanganyika.

Nililijua hilo tangu utoto. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba nilikosea bila kujua.

Ilikuwa miaka nchi yetu ilipoitwa Zaïre, tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani raia, hata kwenye foleni ya maji. Nilikuwa karani katika bohari ya majani ya chai. Kwenye parcelle yangu, kiwanja changu cha mtaa wa Cimpunda, kulikuwa na chumba cha uani, nacho nilimpangisha mwalimu kijana, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi, aliyefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Aliniita papa, akamwita mke wangu maman, na mke wangu alimfunikia bugali kila alipochelewa kurudi.

Kilichonisumbua ni mkebe wake. Ulikuwa mkebe wa maziwa ya unga, umejaa vipande vya katoni alivyovikata kwa wembe, kila kipande na herufi moja. Jioni alivimwaga mezani, akavipanga, akavivuruga, akavipanga upya, midomo ikicheza bila sauti. Mara nyingine alicheka peke yake. Siku zile mtu mwenye akili hakucheka peke yake juu ya maandishi. Nilianza kufunga dirisha langu la upande ule, kisha nikaanza kulifungua kidogo ili nione.

Siku moja mvua ilipiga sana, naye alikuwa shuleni. Niliingia chumbani kwake kutazama kama bati linavuja. Juu ya meza kulikuwa na mistari miwili ya herufi. Wa juu ulisema THE MORSE CODE. Wa chini, HERE COME DOTS. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo sana, cha mwaka wa mwisho wa shule, lakini morse na code ni maneno ya Kifaransa pia, alama za kutuma habari kwa redio, na nilijua ni kazi ya watu wa aina gani. Nilitafuta chombo cha redio chini ya kitanda chake. Nilikuta viatu vya Jumapili na ndizi zilizovundikwa.

Aliporudi nilimuuliza. Hakushtuka, na hilo lenyewe nililitia mashakani. Alinieleza kwamba ni mchezo: unachukua neno refu la Kiingereza, au maneno kadhaa, unavuruga herufi zake, halafu unatafuta maneno mengine kwa herufi zilezile, bila kuongeza wala kubakiza hata moja. Shule yake haikuwa na vitabu, kwa hiyo aliwafundisha wanafunzi kwa namna hiyo. Mstari wa chini ulimaanisha kwamba nukta ndizo hizo zinakuja, kwa kuwa morse ni nukta na vistari. Akanipangia CONVERSATION, maongezi, akahamisha vipande viwili tu ikawa CONSERVATION, uhifadhi. Kisha akapanga polepole THE COUNTRYSIDE, yaani shamba, akavuruga, na kutoka herufi zilezile akatoa NO CITY DUST HERE: hapa hakuna vumbi la mji.

"Hii njo ya mutoto mumoja wa Mudaka," akasema, akitazama chini. "Nitamuonyesha siku moja."

Nilimuuliza nani alimtuma kujifunza mambo hayo.

Akacheka. "Papa, nani anaweza tuma mutu kwa kitu ya bure kama hii?"

Nilicheka naye, lakini sikumwamini. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kutumia jioni zake zote kwa kitu cha bure. Tangu siku ile nilimhesabia kila jambo. Akipokea mgeni, nilitembea uani. Akinyamaza, nilimuuliza mke wangu kwa nini amenyamaza. Mke wangu aliniambia kwamba ninatafuta nyoka ndani ya sufuria.

Msichana wa Mudaka, kijiji cha nje ya mji, alikuwa wa kweli. Baba yake alikuwa mkulima aliyejulikana kwa kuchagua watu. Mwalimu hakuwa na ndugu mjini. Baba yake mzazi alikwishakufa, na wajomba walikuwa ng'ambo ya ziwa. Alihitaji mtu mzima wa kwenda kumposea. Jumapili moja baada ya misa alikuja sebuleni kwangu na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Jirani yangu fundi cherehani alikuwepo, amekuja kushuhudia. Mwalimu alisema maneno yake vizuri, akaniomba nisimame kama baba yake kule Mudaka. Akamimina, akaonja, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

Nilikitazama. Akilini niliziona zile herufi za mezani kwake. Niliwaza kwamba nikimpeleka, nami kesho nikaulizwa na watu wa usalama nilimjuaje, nitajibu nini? Sikuwa nimewaza sumu hata kidogo. Nilitaka tu njia ya kutokubali. Nikakiweka kikombe chini.

"Tumbo yangu iko nauma," nikasema.

Fundi alitazama dari. Mwalimu alibaki na mikono yake hewani, kama bado imeshika kitu. Ndipo mke wangu akatoka jikoni, akakiokota kile kikombe, akakinywa chote akiwa amesimama na kunitazama machoni. Akafuta mdomo. "Aksanti, mwana," akamwambia. Lakini katika mambo ya kuomba mke kikombe kinachohesabiwa ni cha mwenye kuombwa, na fundi alikuwa ameshaona alichoona.

Wanawake wanaoshusha mihogo sokoni waliipandisha habari Mudaka kabla wiki haijaisha. Baba wa msichana alituma neno fupi: huyo ambaye mwenye nyumba wake hanywi kwake, asijisumbue kuja. Muhula ulipofungwa, mwalimu alipanda mashua kurudi Idjwi. Aliniaga kwa heshima, tena akaniita papa. Mkebe alimwachia mke wangu.

Mke wangu aliuweka mbele yangu. Nilivimwaga vipande. Nitasema ukweli wote: kwanza nilivigeuza vyote na kujaribu kuunganisha upande wa nyuma, nikidhani kuna ramani. Nilipata chuchu za ng'ombe na nusu ya neno "lait", maziwa kwa Kifaransa: katoni ilikuwa ya maziwa. Baadaye ndipo nilipanga yale aliyonionyesha, la morse, kisha la shamba. Kila mara herufi zilitosha, hakuna iliyobaki mkononi. Nilirudia hadi chakula kikapoa. Hapakuwa na kitu kingine mle ndani.

Niliposikia kwamba msichana bado hajaposwa, nilinunua kasiksi, nikapanda Mudaka peke yangu. Nilifika viatu vyangu vikiwa vyekundu kwa vumbi. Baba wa msichana alinipa kiti. Nilimweleza yote: mkebe, herufi, woga wangu, kwamba tumbo langu halikuuma. Nilisema kijana yule ni safi, na mimi ndiye niliyemchafua. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nikamimina, nikaonja, nikampa.

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Papa," akasema, "ulikuwa nalala naye mu parcelle moja, na ukamuogopa. Leo unasema iko muzuri. Mimi nitajua aje siku gani ulisema kweli?"

Alikiweka kikombe chini taratibu, karibu na mguu wangu, asimwage hata tone.

"Utanisamehe," akasema. "Tumbo yangu iko nauma."

Mkewe, aliyekuwa akimenya maharage mlangoni, hakuinua kichwa. Yule msichana sikumwona. Niliaga. Njia nzima kibuyu kilikuwa kizito begani, na watu niliopishana nao, walioona wazi nimebeba nini, walinisalimu wakapita. Hakuna aliyeniomba hata funda moja, kama watu wa njiani wanavyoomba siku zote.