Majani ya Furungu ya Mzee Lam

Nkatha wetu wa Columbia ni muongo hodari, na nasema hivyo nikimpenda. Kanisani alituambia mdogo wake Kirimi yuko Texas, anaendesha lori. Kumbe yuko gerezani papa hapa Maryland, aliendesha gari amelewa akaumiza mtu.

Ijumaa moja Kirimi alimpigia simu Nkatha akiwa kazini, nyumbani kwa Mzee Lam, mzee wa Hong Kong ambaye Nkatha humwogesha na kumpikia. Kirimi anatoka kesho, hana pa kwenda. Nkatha akaketi jikoni akalia. Akimpokea, kanisa zima litajua. Ilibaki kidogo tu amwambie ndugu yake atafute pengine.

Mzee akauliza kulikoni, naye akamwaga yote. Mzee hakushtuka. Alisema kwao mtu aliyefungwa huambiwa amekula wali wa mfalme, na yeye mwenyewe aliula ujanani. Sisi Wakenya tunasema kunyea debe. Wenzetu angalau wamepewa mfalme!

Kisha akajikongoja hadi dirishani, kwenye mfurungu wake wa chunguni ambao haujawahi kuzaa, akaanza kuchuma majani. Kwao anayetoka gerezani hunawishwa maji ya majani hayo na mtu wake ili kuosha mkosi, ndipo aingie nyumbani. Nkatha, mlokole wa kupindukia, aliona ni uganga mtupu, akasita kuyapokea.

"Mimi nilipotoka hakuna aliyekuja," mzee akamwambia. "Wewe nenda."

Kesho yake akaenda kumchukua, jamani. Alimnawisha Kirimi uso na mikono pale mlangoni pa nyumba yake, mchana kweupe, sisi wa kanisani tuliokuja kwa maombi tukitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, nikajikuta nalia. Kirimi aliuliza majani yametoka wapi, akasimuliwa.

"Na yeye, nani alimnawisha?"

Jumatatu Nkatha alimpeleka kazini kwake, jambo ambalo kampuni yake ingelijua ingemfukuza. Mfurungu ulikuwa umebaki na majani ya kuhesabika. Walipoyaomba, mzee mwenyewe aliyachuma, akidhani ni ya mfungwa mwingine. Nkatha akayachemsha, akayapoza, akaleta beseni. Kirimi akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee, akamnawisha mikono, kidole kimoja kimoja, kisha uso. Mzee aliwaachia tu, machozi yakichanganyika na maji.

"Haya, Mzee," Nkatha akamwambia, akimfuta kwa taulo. "Karibu nyumbani."