Lumbesa ya Mwalimu Winfrida

Chai ilimshinda Winfrida asubuhi ile. Baba yake, mzee Dominiko, alikisogeza kikombe mara ya pili. Tangu mama azikwe, nyumba ile haina maneno mengi.

Winfrida alikuwa akijitolea kufundisha Kiingereza shule ya kijijini, huko juu Mgeta. Leo afisa elimu anakuja kumsikiliza. Akiridhika, ajira. Asiporidhika, jembe linamsubiri.

Somo lilikuwa wingi wa majina ya Kiingereza yanayoishia na o. Watoto hawakulishika mpaka alipowafundisha kwa magunia. Radio na photo, akawaambia, ni gunia la kawaida: tia s, shona. Potato na tomato ni lumbesa, gunia linalojazwa hadi likavikwa kilemba juu. Kilemba chenyewe ndiyo ile es. Wakashika siku hiyohiyo.

Afisa, bwana Mansuri, akaketi nyuma, magoti yamebanwa na dawati. Winfrida akaandika potato ubaoni. Kabla hajauliza, darasa zima likaitikia, "Lumbesa!"

Chaki ikamkatikia mkononi. Hapo ndipo akili ikamjia: serikali imepiga marufuku lumbesa, na serikali ndiyo ile imeketi nyuma. Nje, magunia ya viazi ya wazazi wa watoto haohao yamepangwa kando ya barabara yakingoja lori, kila moja na kilemba chake. Akajiona amekiuza kijiji kizima.

Mansuri akainuka, akaenda dirishani.

"Mwalimu, magunia yale ya nani?"

Angeweza kusema hajui.

"Yetu, mheshimiwa. La baba yangu nalo limo. Mnunuzi hachukui gunia lisilo na kilemba, na kilemba hakilipii."

Mansuri akawauliza watoto wingi wa tomato, kisha wa radio. Sauti zilikuwa ndogo, ila hakuna aliyekosea. Akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka.

"Jumatatu lete vyeti vyako wilayani. Na mwalimu, akija mwingine, mfano huo ufiche."

Winfrida alibaki mlangoni akiisikiliza pikipiki ya afisa ikishuka. Ilipofika kwenye magunia ikapunguza mwendo. Ikasita kidogo pale.

Kisha ikapita.

Ndipo akasikia njaa.