Hifadhidata ya Hospitali

Ofisi yetu ya kompyuta pale Shituru, kwenye kiwanda cha shaba, ilikuwa na kiyoyozi, na kwa sababu hiyo watu wa kiwandani walituona wavivu. Tuliandika programu kwa lugha ya COBOL. Wakati ule tulikuwa tunaunda maktaba, yaani vipande vya programu ambavyo kila mmoja wetu angevitumia kufungua hifadhidata za kampuni bila kuanza upya. Mashine ilikuwa ndogo, ikabidi maktaba isome hifadhidata mbili tu. Ya mishahara haikuwa na ubishi. Ya pili iwe ipi?

Mimi nilitaka ya ghala la vipuri. Mwenzangu, aliyehamishiwa kwetu kutoka Lubumbashi bila mtu kutueleza kwa nini, alitaka ya hospitali.

Nikamshuku papo hapo. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa marehemu ndugu yangu, mgonjwa wa selimundu, aliyeandikwa kazini kuwa mwanangu. Kwetu huo si uongo. Mtoto wa ndugu yako ni wako. Lakini kampuni ilitibu watoto wa kuzaa tu. Mishahara na hospitali zikisomwa pamoja, jina la mama aliyemzaa, lililoandikwa hospitali, lingejitokeza kuwa si la mke wangu, na dawa zingekatwa.

Tena jamaa huyo alikuwa ameniuliza mlangoni, akiniita “raia” kwa Kifaransa kama tulivyoamriwa kuitana: “Citoyen, ule mutoto, mifupa inamuluma bado?”

Nani alimwambia? Enzi zile za wapelelezi wa serikali, mtu akijua habari zako kabla hujamsimulia, unafunga mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mkutanoni nilitetea vipuri mpaka jasho likanitoka, licha ya kiyoyozi. Mkuu akachagua hospitali, na kazi ya kuandika programu ya kukagua watoto wa wafanyakazi akampa yeye.

Siku ya kuijaribu nilisimama nyuma yake, roho mkononi. Karatasi zikatoka na majina ya watoto waliokataliwa. La mtoto wetu halikuwamo. Nikaomba kuisoma programu yake. Hakulinganisha jina la mama popote. Alilinganisha namba ya nyumba tu: mtoto anayelala kwa mfanyakazi ni wake.

“Juu ya nini haukuweka mama?” nikamuuliza sababu.

“Weye uliwaza nitaweka nini? Mutoto ni wa ule anamukulisha.”

Nilimshukuru kwa moyo wote. Mtoto akaendelea kupata dawa. Ila tangu siku ile nilimwogopa kuliko mkuu, maana sasa nilikuwa na hakika kwamba anajua.