Nyumba Ndefu ya Sidab

Nikisikia harufu ya makuti ya mtende yaliyorowekwa maji, miguu yangu mpaka leo haitulii. Narudi Sidab, kijiji cha wavuvi ng'ambo ya bahari, Uarabuni, mwaka 1966, nina miaka kumi na kitabu mkononi.

Kitabu hicho ndicho kitu pekee nilichotoka nacho Unguja tulipokimbia mapinduzi miaka miwili nyuma. Ndani mlikuwa na picha ya nyumba ndefu za Wairokwoi, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Walipinda miti michanga ikawa mbavu za paa, wakaivika maganda ya miti. Katikati mioto ilipangwa safu, na kila moto ulipikiwa na familia mbili zilizokaa zikitazamana. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mama. Mume ndiye aliyehamia. Na watu wakizidi, walifungua ukuta wa mwisho, wakairefusha. Nilipomsomea bibi, alicheka hadi mtandio ukamwanguka. "Mume ahamie kwa mke? Wallahi hao wana akili!"

Mimi nililoshika ni lile la kufungua ukuta wa mwisho. Dada yangu Zuhura, aliyekwisha kuolewa, alibaki Unguja. Kibanda chetu cha makuti kilikuwa na chumba kimoja tu, na kila mara ami, ndugu wa baba aliyetupokea, alipotaka kukiongeza, mama alikataa. Hata masanduku hakuyafungua yote. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alikaa ugeni miaka miwili, na jembe hakulitaka. Nilimkasirikia sana. Niliona hamtaki Zuhura.

Asubuhi moja ami aliroweka makuti ya kuziba paa, nami sikuweza kungoja tena. Nikakata kamba za ukuta wa nyuma. Ukuta ukalala chini, mbuzi wa jirani wakaingia, mmoja akaanza kutafuna mkeka wa mama.

Mama akaja mbio na upawa. "Umeingiwa na nini wewe?"

"Nnamfanyia Zuhura mahali. Akija atalala wapi?"

Upawa ulibaki juu. Kisha akauteremsha, akawafukuza mbuzi, akapima mchangani kwa mikono urefu wa kitanda. Akamwambia ami ukuta usimame hapo. Alasiri alifungua sanduku la mwisho.

Nilitamba wiki nzima kwamba nimemshinda mama. Sikujua kuwa kumwekea Zuhura kitanda Sidab kulikuwa kukubali kwamba sisi hatutarudi kwake. Siku ile mama aliacha kungoja kurudi, akaanza kungoja Zuhura aje. Zuhura hakuja.